UZI: Kwa nini bunge la kaunti hukwama? Historia fupi kutoka Kisii na Nyamira

1/ Wadau, kila hoja ya kumtimua gavana ikiwasilishwa huku kwetu, mjadala huwa ni ule ule, kuanzia redio za Ekegusii hadi grupu za WhatsApp za wadi. Mmoja anasema, "MCA wamekula." Mwingine anasema, "Bunge linafanya kazi yake." Wote wanaongea kwa nguvu, lakini ni wachache wanaoeleza sheria inasema nini na tulifikaje hapa. Leo twende polepole. Sitataja jina la mwanasiasa yeyote wala chama. Tunaangalia mfumo.

2/ Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya mabaraza ya wenyeji, na kuanzia 1925 mabaraza hayo yakaundwa, hata huku. Yalitoza watu ushuru na kugharimia shule na barabara. Lakini mwenyekiti alikuwa DC, na machifu waliokaa ndani walitegemea DC huyo huyo kubaki na kazi. Sasa uliza: katika baraza kama hilo, nani angesimama amwulize DC pesa zimeenda wapi?

3/ Uhuru ukaja, tukapata Baraza la Kaunti ya Gusii, na madiwani wa kuchaguliwa. Mambo yangebadilika, lakini sheria ya 1969 ikaondoa elimu ya msingi, afya na barabara mikononi mwa mabaraza ya kaunti, zikaenda Nairobi. Diwani akabaki na nini? Soko, stendi, leseni, ploti. Na juu yake kulikuwa na waziri mwenye uwezo wa kuvunja baraza zima.

4/ Wazee wanaokumbuka siku hizo watakwambia siasa ya diwani ilikuwa kibanda cha soko nani apewe. Mtu akiwa na mamlaka madogo, na wa kumwuliza yuko mbali, hiyo mamlaka ndogo huwa duka lake. Mwaka 1999 serikali kuu ilianza kupeleka mabaraza sehemu ya kodi ya mapato kupitia mfuko wa LATF. 2003 ikaja CDF ya wabunge. Pesa ziliongezeka mashinani. Macho ya kuzichunga hayakuongezeka kwa kasi hiyo.

5/ Ndiyo maana Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ilipokelewa kwa shangwe. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kifungu cha 185 kinalipa bunge la kaunti kazi ya kutunga sheria na kuchunga serikali ya kaunti. Uchaguzi wa 4 Machi 2013 ukaleta serikali mpya mbili kwa jamii moja: Kisii yenye wadi 45 na Nyamira yenye wadi 20.

6/ Shida zilianza mapema. Mfano ni Keroka, mji uliokaa mpakani. Kisii inasema ni yetu, Nyamira inasema ni yetu, na wafanyabiashara wamejikuta katikati ya kaunti mbili zinazotaka ushuru wa mji mmoja. Zingatia hili: ugomvi mkubwa ulikuwa nani akusanye. Nani asafishe soko haukuwa moto hivyo.

7/ Sasa tuje kwa kumtimua gavana. Kifungu cha 181 na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 zinaweka ngazi. MCA analeta hoja ikiwa imeungwa mkono na angalau thuluthi moja ya wajumbe wote. Ili ipite, inahitaji thuluthi mbili ya wajumbe WOTE. Siyo thuluthi mbili ya waliofika siku hiyo. Kisha Seneti inasikiza, ama kupitia kamati ya maseneta 11 ama kikao kizima, na kuondoa gavana kunahitaji wingi wa kawaida wa kaunti 47, yaani kura 24.

8/ Wamarekani, ambao wengi hupenda kuwataja kama mfano, waliweka kinyume. Kwao bunge la chini linamshtaki rais kwa wingi wa kawaida, na Seneti ndiyo inahitaji thuluthi mbili. Kushtaki ni rahisi, kuhukumu ni kugumu. Mwaka 1868 rais wao alinusurika Seneti kwa kura moja tu. Sisi tuliweka mlima mashinani, kwa MCA.

9/ Hesabu ya mlima huo ni muhimu, msiiruke. Chukua bunge lenye wajumbe 36. Kumwondoa gavana kunataka 24. Kwa hivyo gavana hahitaji kupendwa na wengi. Anahitaji 13 tu, na hata hao si lazima wapige kura ya "la". Wakiwa hotelini mjini Nairobi siku ya kura, kazi imeisha. Mahali ambapo mtu mmoja au wawili wanaamua kila kitu, kura ya mtu huyo hupata bei. Sisemi ililipwa. Nasema soko limejengwa na hesabu yenyewe.

10/ Majirani zetu Kericho wanaijua hesabu hiyo vizuri. Oktoba 2024 wajumbe 31 kati ya 47 walipiga kura kumwondoa gavana. Thuluthi mbili ya 47 ni 31 na kitu, na hakuna theluthi ya mtu. Lazima wawe 32. Seneti ikasimamisha kesi bila kuingia kwa tuhuma zenyewe. Mwananchi hakujua kama pesa yake iliibwa au la. Alichojua ni kwamba kulikosekana kura moja.

11/ Kisii ilitoa picha tofauti. Februari 2024 wajumbe 53 kati ya 70 walipiga kura kumwondoa naibu gavana. 47 wangetosha. Moja ya tuhuma ilikuwa kudai hongo ya shilingi 800,000 ili mtu apate kazi katika kampuni ya maji ya Gusii. Mwezi wa Machi Seneti ikasikiza ushahidi na kukubali mashtaka, akawa naibu gavana wa kwanza nchini kuondolewa kwa njia hiyo. Uwe ulikubaliana nayo au hukukubaliana, ulisikia ushahidi kwa televisheni.

12/ Lakini kuna swali watu wa Kisii waliuliza, na ni swali halali. Mtu wa pili kwa cheo ameondolewa haraka. Je, bunge linachunga serikali yote kwa bidii hiyo hiyo, ama linaamka tu wakubwa wakikosana? Uchungaji wa kweli ni kazi ya kila wiki: kusoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kuita afisa wa fedha, kwenda kuona kama zahanati iliyolipiwa imejengwa. Hiyo haina kamera.

13/ Nyamira ndiyo darasa kubwa. Hoja ya 2023 haikufika thuluthi mbili. Ya 2024 ilianguka kwa upungufu wa kura moja. Kisha vita vikahamia kwa Spika. Sheria inataka asilimia 75 ya wajumbe kumwondoa Spika, mlima mrefu zaidi ya ule wa gavana. Upande mmoja ukasema Spika ameondolewa, mwingine ukasema yupo. Kuanzia mwisho wa 2024 kaunti moja ikawa na vikao viwili, na kimoja kikajiita Bunge Mashinani.

14/ Fikiria hiyo kwa maisha ya kawaida. Boma moja lina wazee wawili, kila mmoja anasema ng'ombe hauzwi bila yeye. Mnunuzi ataenda. Sheria iliyopitishwa na upande mmoja inapelekwa kortini na upande wa pili. Anayeshinda katika hali hiyo ni yule ambaye hakutaka kuulizwa maswali, kwa sababu kila swali linajibiwa kwa swali: "Wewe ni wa bunge gani?"

15/ Na kalenda ya pesa haingoji. Makadirio ya bajeti yanafika bungeni kufikia 30 Aprili, na sheria ya matumizi inafaa kuwa tayari kufikia 30 Juni. Ikichelewa, sheria ya fedha za umma ya 2012 inaruhusu Msimamizi wa Bajeti kuidhinisha hadi nusu ya makadirio. Kwa hivyo kaunti yetu haifungwi siku moja kama ofisi za Marekani, ambazo zilifungwa siku 35 mwaka 2018 hadi 2019, na siku 43 mwaka 2025. Yetu inachechemea. Mwalimu wa chekechea anangoja mshahara, kontrakta mdogo anangoja malipo, na hakuna siku ya kusema "leo imefungwa" ili watu wakasirike pamoja.

16/ Kuna jambo lingine ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. IEBC haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Bila makamishna hakuna uchaguzi mdogo. Nyansiongo, Nyamaiya na Ekerenyo zilipiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Kabla ya hapo, wadi tatu kati ya 20 hazikuwa na mwakilishi wa kuchaguliwa. Wakati watu wanapigania nani ni Spika, mama wa Ekerenyo hakuwa hata na mtu wa kumpigania daraja.

17/ Mwezi huo huo wa Novemba 2025 ikaja hoja ya tatu, ikapelekwa Seneti. Pingamizi likaletwa kuhusu kura za wajumbe ambao hawakuwa ukumbini wenyewe. Mapema Desemba Seneti ikaamua thuluthi mbili haikufikiwa, kesi ikaishia hapo. Kwa mara nyingine tuhuma hazikusikizwa hadi mwisho. Kwa haki ya gavana pia hilo ni hasara: hakupata nafasi ya kujisafisha kwa ushahidi, alipona kwa hesabu.

18/ Basi tatizo ni ufisadi au ni sheria? Ni vyote viwili, na vinasaidiana. Thuluthi mbili iliwekwa ili gavana asiondolewe kwa hasira ya wiki moja, na hiyo ni sababu nzuri. Lakini hoja ikigeuka kuwa fimbo ya kumtisha gavana wakati wa bajeti, kisha ikayeyuka, hapo mwananchi ana haki ya kuuliza nini kilibadilika. Na MCA mteule yuko pale kwa orodha ya chama. Akipiga simu kabla ya kura, hampigii mwananchi.

19/ Ufanye nini wewe? Kwanza, ukisikia "hoja imepita," uliza: wajumbe wote ni wangapi, waliopiga kura ni wangapi, na walikuwa ukumbini? Pili, Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge lifanye vikao wazi. Tatu, sheria inakuruhusu kuandikia bunge la kaunti ombi rasmi. Barua ya ukurasa mmoja yenye saini za watu wa soko lenu ina uzito kuliko meseji mia za sauti.

20/ Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Watakuja na lesso, na sukari, na nyimbo. Mchukue lesso kama mnataka, lakini mwulize kila anayetaka kuwa MCA swali moja mbele ya watu: "Taja ripoti moja ya Mkaguzi Mkuu uliyoisoma kuhusu kaunti hii, na useme ungemwita nani aeleze." Akikosa jibu, mmejua mapema anaenda bungeni kufanya nini.

Uzi umeisha. Kama una swali la sheria uliza hapa chini, matusi peleka kwingine. Mtumie jirani.