Joto la Dawa na Joto la Kikombe katika Maandishi ya Kale ya Tiba ya China

Katika maandishi ya tiba ya China, neno "moto" hubeba maana mbili ambazo ni rahisi kuchanganywa: sifa ya dawa yenyewe, na hali ya dawa inapofika kinywani. Tangawizi kavu ni dawa ya moto hata ikinywewa baridi.

Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa enzi ya Han, hakuliacha suala hili kwa hiari ya mgonjwa. Katika Shanghan Lun, dawa ya vijiti vya mdalasini huchemshwa kwa vipimo 7 vya maji hadi vibaki 3. Mgonjwa hunywa kipimo 1 chenye joto la wastani. Punde hunywa uji mwepesi wa moto, kisha hujifunika hadi jasho jembamba lienee mwilini. Jasho la kutiririka lilikatazwa. Moto uliotakiwa, basi, ulitoka kwenye uji na nguo za kujifunika zaidi kuliko kwenye kikombe cha dawa.

Suwen, katika sura zinazodhaniwa kuongezwa na Wang Bing aliyeihariri hadi mwaka 762, inakwenda mbali zaidi: dawa ya baridi inywewe vuguvugu, na ya moto inywewe ikiwa imepoa. Wafafanuzi wa baadaye walieleza kwamba mwili uliozidiwa na baridi huweza kuitapika dawa ya moto, ikipozwa, hupokewa. Kwa ushahidi huu, dai kwamba mapokeo hayo yaliagiza dawa zote zinywewe moto halina msingi.