Nukta ya Gemu na Mishale ya 1905

Ukicheza gemu za vita vya kale unaijua ile nukta ya katikati ya kioo. Unaiweka juu ya adui, unabonyeza, kwisha kazi. Katika baadhi, mshale unafika palepale nukta ilipo. Ndiyo maana vijana wa Kibiti na Rufiji tukisikia habari za Maji Maji, wengine tunauliza kwa kebehi: wazee si walikuwa na mishale? Mbona walishindwa?

Hebu tupige hesabu. Mshale ukiruka kwa mwendo wa mita 50 kwa sekunde, unachukua sekunde moja kufika mita 50, na ndani ya sekunde hiyo unashuka karibu mita 5. Ukilenga kifua moja kwa moja, unachoma udongo. Inabidi ulenge juu zaidi. Juu kiasi gani? Upinde hauna nukta ya kukwambia. Mkono ndio unaojua, kwa mazoea ya miaka. Tena ukikawia kuvuta, mkono unatetemeka. Wazungu wa kale walikuwa na upinde wa kufyatua, unaoshikilia ugwe wenyewe, mtu akalenga bila kuchoka. Lakini mshale wake nao ulishuka, na kuuvuta upya kulikula muda.

Sasa turudi kwetu. Maji yalianza Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Mohoro, kusini ya delta, lakini vita vilikwishawaka. Wapiganaji walikuwa na magobori, mikuki na mishale. Tarehe 30 Agosti walilishambulia boma la Mahenge, wakapokewa na rashasha, zile walizoziita bombomu. Wakafa kwa mamia.

Bombomu huua kwa mamia ya mita. Mwenye upinde, ili ampate mtu mmoja kwa hakika, lazima asogee hadi makumi ya mita. Uwanja ule wa katikati ndio uliowamaliza. Na ahadi ya maji, kwamba risasi zitageuka maji, iliwapa moyo wa kuuvuka.

Vijana wenzangu, gemu inayoupa mshale shabaha ya bunduki inaufuta uwanja huo. Ukiufuta, wazee wanaonekana wajinga. Urudishe, uuhesabu mita kwa mita, kisha uniambie nani kati yetu angethubutu kuuvuka akiwa na upinde mkononi.