Ziwa Song-Kul Hufungwa na Theluji Mapema

Ziwa Song-Kul lipo katika Mkoa wa Naryn nchini Kyrgyzstan, takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Ni la pili kwa ukubwa nchini humo baada ya Issyk-Kul, ambalo haligandi kwa sababu ya kina chake kikubwa na chumvi kidogo iliyomo majini. Song-Kul, lenye kina kifupi, huganda kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei.

Kandokando yake hakuna kijiji cha kudumu wala miti; moto huwashwa kwa samadi iliyokaushwa. Wageni hulala katika mahema ya duara ya wafugaji, ambao hupandisha farasi na kondoo mwezi Juni na kuwateremsha Septemba. Hapo ndipo penye hatari. Anayefika baada yao hukuta malisho matupu, bila chakula wala wa kumsaidia, na theluji ya usiku mmoja yaweza kuifunga njia ya milimani aliyopandia.

Msafiri wa mwishoni mwa Septemba hana budi kuulizia hali ya barabara mjini Kochkor kabla ya kupanda, na kumchukua dereva mwenyeji. Kichwa kikimuuma na kichefuchefu kuzidi, ateremke bila kungoja asubuhi, maadamu njia ingali wazi.