Kuunganishwa kwa Polisi wa Kenya chini ya Inspekta Jenerali
Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka vikosi viwili vya polisi chini ya Inspekta Jenerali mmoja, ila kila kikosi kikabaki na naibu wake. Polisi wa Utawala, waliotokana na polisi wa kikabila wa enzi ya ukoloni, walizoea kumtii chifu na mkuu wa wilaya. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ilitaka viunganishwe kabisa. Pendekezo hilo lilitekelezwa nusu tu. Kwa maoni yetu, uzito wa mageuzi haya umo katika ibara ya 245: waziri aweza kutoa maelekezo ya sera, lakini hawezi kumwamuru Inspekta Jenerali kosa lipi lichunguzwe.