Rwagasana, mtu wa Mwami aliyekaa katika bunge la Jamhuri

Kila tarehe 1 Februari mashada ya maua huwekwa kwenye makaburi ya mashujaa kule Remera, Kigali, jirani na Nyarutarama, na jina la Michel Rwagasana hutajwa mara moja kisha likapitwa. Wengi wamelishika kwa maneno mawili tu: mtu wa Mwami. Ni kweli alikuwa. Aliwahi kuwa katibu wa Mwami, yaani mfalme wa Rwanda, Mutara III Rudahigwa, kisha akawa katibu mkuu wa UNAR, chama cha ufalme kilichoanzishwa Septemba 1959. Lakini utiifu huo umesomwa vibaya. Mwaka 1776 Wamarekani waliobaki upande wa mfalme walikuwa wamebaki upande wa mkoloni. Rwanda mambo yalikuwa kinyume: UNAR ilidai uhuru wa haraka, na kwa sababu hiyo Wabelgiji, chini ya Kanali Guy Logiest, wakawaunga mkono wapinzani wake wa PARMEHUTU, chama cha Wahutu.

Wapo watakaosema kwamba UNAR ilikuwa ngao ya machifu wa Kitutsi. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1958 wazee wa ikulu waliandika kwamba hakuna undugu baina yao na Wahutu, na Novemba 1959 baadhi ya wafuasi wa UNAR waliwaua wapinzani wao. Hayo hayafai kufichwa. Ila mtu hupimwa kwa alichokifanya baada ya kushindwa. Septemba 1961 kura ya maoni iliukataa ufalme, na UNAR ikaambulia viti 7 kati ya 44. Wenzake wengi walikuwa uhamishoni, na baadhi yao walishika bunduki. Rwagasana alibaki nchini, akakaa bungeni kama mpinzani katika jamhuri ambayo hakuitaka.

Ndipo ikaja Desemba 1963. Usiku wa kuamkia tarehe 21, wapiganaji wa uhamishoni walioitwa Inyenzi walivuka kutoka Burundi, wakaiteka kambi ya Gako na kusonga hadi daraja la Kanzenze, kwenye mto Nyabarongo, kabla ya kurudishwa nyuma. Serikali ya Rais Kayibanda haikungoja ushahidi. Rwagasana na wanasiasa wengine wapatao 20 walikamatwa, wakapelekwa Ruhengeri, wakapigwa risasi bila kesi. Miongoni mwao alikuwamo Prosper Bwanakweri wa RADER, chama kilichopatana na Wabelgiji na kushindana na UNAR tangu siku za mwanzo. Kama kosa lingekuwa utiifu kwa Mwami au njama na Inyenzi, Bwanakweri asingekuwamo. Majuma yaliyofuata, Watutsi kwa maelfu waliuawa, hasa Gikongoro.

Jamhuri mbili za kwanza hazikutaka jina lake litajwe. Leo yumo katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, pamoja na Rudahigwa na aliyekuwa waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana, nalo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, vijana wanaopita Remera wakielekea Nyarutarama wanastahili kusikia habari za vile viti saba, maana bungeni ndiko alikoupatia ushujaa wake, kabla hata ya Ruhengeri.