Bruce Lee kwenye Kuta za Kibera na Kawangware

Uso wa Bruce Lee ulifika Nairobi miaka mingi kabla ya makopo ya rangi ya kupuliza. Mwigizaji huyo alizaliwa San Francisco mwaka 1940, akakulia Hong Kong, na kati ya 1971 na 1973 akacheza filamu nne zilizompeleka kila mji wenye jumba la sinema: The Big Boss, Fist of Fury, The Way of the Dragon na Enter the Dragon. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na umri wa miaka 32, kabla Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa. Game of Death, aliyoiacha njiani, ilikamilishwa na wengine na kutolewa mwaka 1978. Hiyo ndiyo iliyoacha lile vazi la manjano lenye mstari mweusi ubavuni. Mchoraji akishalipaka vazi hilo ukutani, hata kabla ya kuweka macho na pua, wapita njia wanataja jina.

Katika miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa na majumba ya sinema kama Odeon, Globe na Shan, na filamu za Hong Kong zilipata humo watazamaji waliokuwa na sababu zao za kuzipenda. Katika Fist of Fury, hadithi ya Shanghai wakati wa ubabe wa Wajapani, shujaa anazuiwa kwenye lango la bustani lenye kibao kinachokataza mbwa na Wachina kuingia. Anaruka, anakipiga kibao teke, kinavunjika vipande kikiwa bado hewani. Nairobi nayo ilikuwa imejengwa kwa kugawanya watu kwa rangi ya ngozi: mitaa ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika ilitengwa, na mwanamume Mwafrika wa miaka ya 1920 alitembea na kipande, kitambulisho kilichofungwa ndani ya kikebe na kuning'inizwa shingoni. Kijana aliyeiona filamu hiyo miaka kumi baada ya Uhuru alikuwa mtoto au mjukuu wa mtu aliyekivaa. Teke lile hakuhitaji kutafsiriwa.

Tena shujaa huyu hakuwa jitu. Alikuwa na kimo cha kawaida, mwembamba, hana bunduki wala farasi, na nguvu zake zote zilitokana na mazoezi. Mashujaa wa sinema za cowboy walihitaji vitu ambavyo kijana wa Laini Saba, Kibera, au wa Gatina, Kawangware, asingevipata. Huyu alihitaji ngumi mbili na uwanja. Pengine hilo ndilo lililomfanya adumu kuliko nyota wengine wa wakati wake, na ndiyo maana wachoraji wanamrudia hata leo, ingawa wengi wao walizaliwa baada ya kifo chake.

Wakazi wengi wa mitaa hiyo hawakumjulia kwenye majumba ya mjini, maana tikiti na nauli viliwashinda. Walimjulia kwenye vibanda vya vidio, vilivyoenea mitaani kanda za VHS zilipofika katika miaka ya 1980. Kibanda kilikuwa chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni moja juu ya rafu na pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga. Nje palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki filamu za siku hiyo, na spika iliyoelekezwa njiani ili kishindo cha ngumi kimvute mpita njia. Watoto wasio na hela walichungulia kwenye matundu ya misumari. Baada ya Bruce Lee, mabenchi hayo yalipokea Drunken Master ya Jackie Chan na The 36th Chamber of Shaolin ya Gordon Liu, zote za mwaka 1978, na jioni vichochoro vilijaa watoto wakirudia mitindo waliyoiona. Nanchaku, vile vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo, vilichongwa kwa mbao za masanduku.

Baadaye vibanda vilipata sauti yake. DJ Afro alianza kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, akiwapa wahusika majina na tabia za watu wa mtaani, na kanda zake zikapendwa kuliko zile za asili. Jambo kama hilo lilitokea pia Kampala. Huko mtaa wa Wakaliga ulizalisha filamu yake ya mapigano, Who Killed Captain Alex, mwaka 2010, na mmoja wa waigizaji wake, mwalimu wa kung fu, hujulikana kwa jina la Bruce U. Nairobi, sinema ya Shan iliyoko Ngara iligeuka Sarakasi Dome, ukumbi ambamo vijana hujifunza sarakasi. Wengine waliingia kwenye kumbi za kijamii kujifunza karate na taekwondo, na mwaka 2008 Kenya ilipeleka wachezaji wawili wa taekwondo, Mildred Alango na Dickson Wamwiri, kwenye Olimpiki ya Beijing.

Uso ulihamaje kutoka kwenye skrini hadi ukutani? Aliyeuhamisha kwanza ni fundi wa mabango. Kila kinyozi alihitaji vichwa vilivyonyolewa kwa mitindo mbalimbali, kila mchinjaji alihitaji ng'ombe, kila hoteli ilihitaji kikombe kinachofuka mvuke. Fundi huyu, mwenye brashi mbili tatu na mikebe ya rangi ya mafuta, alijifunza kupata sura ya mtu kwa haraka na kuifanya ionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Kazi hiyo haijapewa heshima inayostahili katika historia ya sanaa ya Kenya, iliyozoea kuanzia kwenye majumba ya maonyesho au kwenye kazi kama za Elimo Njau, Mtanzania aliyechora maisha ya Yesu kwenye kanisa kuu la Murang'a mwaka 1959 akiwaweka watu na vilima vya Kikuyu ndani ya Injili. Ni kweli Njau alionyesha kwamba ukuta wa umma unaweza kubeba sura za wenyeji. Lakini waliofundisha mtaa mzima kusoma picha ukutani ni mafundi wa mabango.

Kibera ina ushahidi wa jambo hilo. Mwaka 2001 mafundi wawili wa mabango, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha kundi la Maasai Mbili na kufungua studio ya wachoraji. Mmoja wa waliotokea humo ni Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo7. Vurugu zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, reli ikang'olewa na soko la Toi likateketea, Solo7 alizunguka Kibera na rangi akiandika kwenye kuta, milango na mabati maneno ya kuwasihi Wakenya wenzake walinde amani. Hayakuwa maandishi ya kupendeza macho. Yalikuwa herufi za mtu mwenye haraka, na yalibaki kwenye mabati muda mrefu baada ya moshi kutoweka.

Njia ya pili ilikuwa matatu. Mwaka 1973, mwaka uleule aliofariki Bruce Lee, Rais Jomo Kenyatta aliruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu, na ushindani ulipokua kila mwenye gari alitaka lake lionekane. Kufikia miaka ya 1990 bodi zilikuwa zimejaa nyuso za wanamuziki, wanasoka na waigizaji, zilizopakwa gereji kwa bunduki ya rangi inayosukumwa na kompresa. Humo ndimo wachoraji wa Nairobi walipojifunza ufundi wa kupuliza: kivuli kinachofifia taratibu, mng'ao kwenye paji la uso, ukungu nyuma ya kichwa. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004, zilileta mstari wa manjano na kuifuta michoro hiyo, na kazi nyingi za bodi zikakatika. Serikali ililegeza msimamo miaka kama 10 baadaye. Katika kipindi hicho cha katikati ukuta ulizidi kuwa na thamani, kwa kuwa haukaguliwi na trafiki.

Kundi la wachoraji wa makopo likajitokeza waziwazi. Mwaka 2012 Uhuru B, Swift9, Bankslave na Smokillah walishirikiana na mwanaharakati Boniface Mwangi kuchora mjini picha za wanasiasa kama tai wanaokula wananchi. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, mabehewa ya treni ya abiria inayopita Kibera yalipakwa ujumbe wa amani kwa ruhusa ya kampuni ya reli. Treni hiyo ilikuwa imezoea kubeba picha: mwaka 2009 msanii Mfaransa JR alibandika picha za macho ya wanawake wa Kibera kwenye mabehewa na sehemu ya chini ya nyuso zao kwenye mteremko kando ya reli, ili treni ikipita uso ukamilike. Picha nyingine zilitandikwa juu ya mapaa, mita za mraba 2,000 hivi, kwenye turubai lisilopitisha maji, nazo zikawakinga wenye nyumba wakati wa mvua.

Kuta zenyewe hazifanani, na tofauti hiyo ina mizizi kwenye ardhi. Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na sehemu kubwa ya ardhi yake imebaki ya serikali. Mwenye nyumba anamiliki jengo bila hati ya kiwanja, kwa hiyo hujenga kwa udongo na mabati. Kawangware, iliyoko Dagoretti, ina viwanja vingi vya watu binafsi wenye hati, na humo nyumba za mawe na ghorofa zimeota kati ya mabati. Mchoraji anayetoka Makina, Kibera, kwenda stendi ya Kawangware 46 hubadilisha ufundi njiani. Ukuta wa udongo hunywa rangi na kumwaga vumbi, sharti upigwe lipu ya saruji kwanza. Bati lina mawimbi yanayoivunja pua mara mbili, na fundi mzoefu hupanga pua iangukie mgongoni mwa wimbi, kisha hurudi nyuma hadi pale wapita njia watakaposimama ili ahakikishe. Ukuta wa mawe uliopigwa lipu ndio wenye raha: unapakwa rangi ya maji mara moja, ukikauka uko tayari.

Picha ndogo inayonakiliwa huchorwa miraba, na miraba hiyohiyo hurudiwa ukutani kwa chaki, kila mmoja ukiwa umekuzwa. Maeneo makubwa, kama vazi la manjano na anga la nyuma, hupakwa kwa brashi pana au rola na rangi ya maji, kwa kuwa makopo ni ghali. Kopo huhifadhiwa kwa uso, vivuli vya misuli na nywele. Likishikwa karibu na ukuta hutoa mstari mwembamba unaokatika vizuri, likisogezwa mbali hutoa ukungu. Mkono ukisita kidogo, rangi hutiririka. Katika picha ya Bruce Lee kipimo cha ufundi ni ile mikwaruzo ya kifuani, iliyotoka kwenye pambano la mwisho la Enter the Dragon: ikiwa myekundu mno huonekana kama mistari ya chaki, ikiwa hafifu mno hupotea. Mchoraji mzuri huupa kila mmoja ukingo mweusi upande wa chini, na ngozi ikaonekana imepasuka.

Kazi hiyo haifanyiki faraghani. Mwenye ukuta lazima akubali, na mara nyingi ni kinyozi, mwenye kibanda cha vidio au mwenye jim ambamo vyuma ni makopo yaliyomiminwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Watoto hukaa chini kutazama tangu asubuhi, wazee husahihisha kidevu, na vijana waliokulia kwenye mabenchi ya vidio hubishana kama mguu unaoinuliwa ni wa kulia au wa kushoto. Kwao staringi, yaani shujaa wa filamu, hafi, na picha inayomwonyesha ameshindwa haiwezi kupita.

Nyuso za jirani zimebadilika. Juni 2020 mchoraji Mr Detail.Seven alipaka Kibera sura ya George Floyd, Mmarekani Mweusi aliyeuawa na polisi Minneapolis, na kando yake neno moja: Haki. Mapema mwaka huohuo, janga la corona lilipoingia, kuta za mitaa kadhaa ya Nairobi zilikuwa zimepakwa picha za barakoa na za kunawa mikono. Wakimbiaji, wanamuziki na majirani waliofariki wanapata nafasi zao pia, na hakuna anayemwondoa mwenzake kwa lazima. Ukuta wenyewe ndio unaoamua. Julai 2018 nyumba na shule za Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na chochote kilichochorwa juu yake kikaenda na mabati.

Kwingineko michoro hufa polepole zaidi. Jua la mwinuko wa Nairobi hula nyekundu kwanza, kwa hiyo mikwaruzo ya kifuani hutangulia kupotea. Mvua za Aprili hubandua rangi kuanzia chini, pale matope yanaporuka. Mwenye duka akipata mkataba wa kampuni ya simu, ukuta wote hufunikwa kijani au nyekundu kwa siku moja. Baada ya misimu miwili rangi hiyo ya kampuni huanza kubanduka kwenye pembe, na chini yake hutokeza ukanda wa manjano wenye mstari mweusi.