Masizi ya Jikoni kwa Bibi

Jiko la bibi yangu lilikuwa kibanda cha udongo chenye mlango mmoja na mafiga matatu. Kuta zake ziling'aa kwa weusi. Utotoni nilipenda kuchora humo kwa kidole. Kidole kikitoka cheusi, bibi alicheka na kunituma nikanawe.

Chuoni, katika darasa la kemia, ndipo nilipojua nilichokuwa nikikigusa. Mwalimu alichora ubaoni pete tano za kaboni zilizoshikana: atomi 20 za kaboni, 12 za haidrojeni, zote zimelala bapa kama kigae. Benzopirini. Huzaliwa kuni, makaa ya mawe au tumbaku vinapoungua bila hewa ya kutosha.

Historia yake ilianza kabla ya jina lake. Mwaka 1775 Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, aliandika kuhusu wasafisha dohani. Walianza kazi wakiwa watoto, wakipanda ndani ya dohani nyembamba. Ukubwani walipata saratani ya ngozi ya korodani. Pott aliyanyooshea kidole masizi. Mwaka 1915, Tokyo, Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa walionyesha kwamba lami ya makaa ya mawe, ikipakwa masikioni mwa sungura kwa miezi mingi, huotesha saratani. Kisha London tena: kundi la Ernest Kennaway lilichambua tani mbili za lami na, mwaka 1933, likatangaza kuipata benzopirini, fuwele za manjano hafifu.

Kinachonisumbua ni namna inavyodhuru. Haiyeyuki vizuri majini, kwa hiyo mwili huibadilisha ili uitoe. Katika kuibadilisha huzalisha kemikali kali inayong'ang'ania DNA. Mwili hujiumiza ukifanya usafi.

Kutoka Pott hadi pete tano ni miaka 158. Lakini sheria yenye meno ya kuwaondoa watoto kwenye dohani za Uingereza ilipita 1875, hakuna aliyekuwa anaijua benzopirini. Kujua kwamba masizi yanaua kulitosha. Hata hivyo watoto walingoja miaka 100.

Likizo ile nilirudi na mchoro kwenye daftari. Bibi alinisikiliza, akakohoa, akauliza, "Sasa, mjukuu wangu, nisipike?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake niliazima sururu kwa jirani, nikatoboa dirisha upande wa mafiga. Moshi ukapata njia. Weusi wa ukutani upo mpaka leo.